Simu Aliyompigia Mjomba

Mimi sina subira, nasema mapema. Mtu akiniita namwambia taja shida yako, salamu tutapeana tukishamaliza. Kwa hivyo miaka minne ya kumwendesha Abdurahman ilinizeesha.

Abdurahman alikuwa Mdigo wa Msambweni, mfanyabiashara wa mbuzi. Alinunua bara, akawauzia wenye hoteli za Diani. Pikapu ilikuwa yangu mimi, Mutinda, Mkamba wa skimu ya makazi ya Shimba Hills. Lo, mtu mpole yule! Akimkuta mwenye mbuzi atamwuliza hali yake, hali ya wazee, watoto hawajambo, mvua je, kisima kina maji? Mbuzi mwenyewe hajatajwa bado! Mimi hapo nimeshika usukani, nimenuna. Lakini watu walimpenda, na mbuzi wazuri waliwekwa kando wakimngoja yeye. Hilo siwezi kulikana.

Mwaka wa tisini na tisa hoteli moja ikampa simu ya mkononi, eti wakihitaji nyama wampate popote. Popote, wapi! Ukiwa juu ya kilima ukishapita Kinango, simu ilidaka mnara wa upande wa Mombasa. Ukifika Kwale ulikuwa umeingia mnara wa Diani. Hapo katikati ni kuhangaika tu, huu umeshakuacha na ule haujakupokea, na ukiwa unazungumza, maneno yanakatika mdomoni. Huko bara zaidi haikushika kabisa, akawa anaibeba mfukoni kama kipande cha sabuni.

Siku hiyo ya Oktoba hatukupata mbuzi wa maana Kinango, ukame ulikuwa umewakondesha, tukasonga mpaka Taru. Nyumbani kwake hawakuwa na habari. Walijua tuko Kinango kama kawaida.

Saa tatu na nusu asubuhi dereva wa lori akatukuta Taru na ujumbe kutoka kwa Kahindi, mwenye duka Kinango. Kahindi alikuwa amepigiwa simu kutoka Msambweni. Mama yake Abdurahman, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa amefariki alfajiri. Angezikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Abdurahman akasema, akakaa chini mchangani. Yeye ndiye mwana wa pekee. Bibi alikuwa amemwambia, na si mara moja, "Ukinilaza wewe kaburini, mwanangu, sitaogopa." Hakutaka kitu kingine duniani siku ile ila kushuka ndani ya kaburi lile na kumpokea mamake kwa mikono yake.

Nikapiga hesabu. Kwa barabara ile ya vumbi, Msambweni tungefika saa nane na kitu. Nikamwambia, "Waambie wangoje mpaka alasiri. Neno moja tu. Nani atakukatalia?"

"Hawatanikatalia," akasema.

Mbuzi tukawaacha palepale. Tulipofika Kinango simu ya dukani kwa Kahindi ilikuwa imeshakufa tena, kwa hivyo tegemeo likabaki lile sabuni la mfukoni. Tukapanda kile kilima, na saa sita hivi likadaka. Akampigia Fondo, jirani yake anayefanya kazi hotelini, ambaye Kahindi alituambia ameazimwa simu ya bosi wake kwa ajili ya msiba, akatupa na namba.

"Fondo, hujambo? ... Ahsante, nimeshapoa. Nawe pole. Watoto je? ... Nipe mjomba."

Mjomba, ndugu yake Bibi, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya maziko.

"Shikamoo, mjomba. Mmeamkaje na mtihani huu? ... Naam, ni kazi ya Mungu. Shangazi yuko? Anajikaza? Na wageni wa Lunga Lunga wamefika salama?"

"Sema uko mbali!" nikafoka. "Sema wangoje!"

Akaiziba simu kwa kiganja. "Taratibu, ndugu yangu. Mtu hampigii mjomba wake siku ya msiba akaanza na haja zake."

Akarudi kwenye simu, akaulizia majirani. Nami, mjinga mimi, nilikuwa nakanyaga mafuta nikijua nawahi! Ningesimamisha gari pale juu angemaliza salamu zake zote na haja akaitaja. Sikusimama. Tukaanza kuteremka.

"Mjomba, nilikuwa nataka ... Halo? Mjomba? Halo?"

Nikarudisha gari nyuma, sikupata kitu. Nikageuza, nikapanda tena mpaka juu, lakini safari hii hata pale juu simu ikawa inatafuta tu. Dakika kumi na tano zikaenda hivyo. Abdurahman akasema twende, Kwale itashika.

Kwale ikashika, tena vizuri. Akapiga mara tano. Mara zote mwanamke akamjibu kwa Kiingereza kwamba mwenye simu hapatikani. Fondo alikuwa ameizima, maana jeneza lilikuwa msikitini.

Kutoka hapo Abdurahman alitoa mkono dirishani, ameinua simu juu, machozi yanamtoka na vumbi linaganda mashavuni. Nami ningefanya nini? Pikapu ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake.

Ukunda, saa saba na dakika arubaini, akapiga tena na simu ya Fondo ikaita. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Abdurahman hakumsalimu mtu.

"Nisubirini! Niko Ukunda, nakuja! Mwambie mjomba anisubiri!"

Fondo akasema, nami nikamsikia wazi, "Abdurahman, wanafukia."

"Usikate," akamwambia. "Tafadhali, usikate."

Nikaegesha kando ya barabara. Tukasikiliza. Majembe yakikwaruza, udongo ukianguka, watu wakipokezana, mtu akikohoa. Simu ile haikukatika hata mara moja! Ningeweza kuivunja kwa jiwe. Wakamaliza, dua ikasomwa, Abdurahman akaitikia amina akiwa amekaa kwenye kiti cha pikapu, viganja vitupu mapajani, nami nimemshikia simu sikioni.

Halafu mjomba akaja kwenye simu.

"Pole, mwanangu. Nilipoisikia sauti yako ile saa sita, na hukuniomba lolote, nikasema mwana ameridhia, tusimcheleweshe marehemu. Ama ulikuwa na neno?"

Nikamtazama. Moyoni nikamwomba aseme, aseme mara hii moja tu.

"La, mjomba," Abdurahman akajibu. "Nilitaka kukusalimu tu."