Nélida Anafuta Mistari ya Wilmar

Saa nne asubuhi, Nélida Arrospide anachomoa waya wa diski makusudi huku kompyuta ikiandika. Skrini inaganda. Anaguna, anamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, majani machungu yanywewayo kama chai, na kunywa peke yake. Hapa mjini Tacuarembó watu hupokezana kibuyu hicho.

Nélida, mwenye miaka 61, ndiye aliyebaki kati ya wawili waliotunga programu inayotunza mafaili ya redio ya mtaa. Mwenzake, Wilmar Cuadro, alifariki majira ya baridi yaliyopita. "Hakuwa mume wangu, watu waseme watakavyo," anasema. "Alikuwa mtu wa kubishana naye."

Programu ikitaka kuandika faili, hutwaa nafasi kwenye diski, hufunga kufuli ili nyingine isiingilie, ndipo huandika. Ikishindwa katikati, lazima ifungue kufuli na kurudisha nafasi ile. Wilmar, mtu wa wasiwasi, aliipa kila hitilafu njia yake ya kutoka. Katika mojawapo alisahau kufungua kufuli. Diski ikiyumba kidogo tu, redio nzima inakaa kusubiri.

Mkuu wa redio, Olegario Techera, ameshasema programu ikiganda tena wataitupa na kukodi ya wageni. "Dada Nélida, mashine yenu imenuna," alimtania kwenye simu juzi.

"Imefiwa," akamjibu.

Kurekebisha hiyo moja hakutoshi, huenda nyingine zina kosa lilelile. Dawa ni moja: kufuta njia zote hizo, hitilafu zote zipitie mlango mmoja unaofungua kila kufuli. Yaani kufuta kazi ya mikono ya Wilmar, karibu mistari mia mbili. Wiki tatu amekuwa akilifungua faili na kulifunga bila kugusa neno. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Nélida hana kingine.

"Angekuwepo tungegombana mpaka jioni," anasema. "Sasa nafuta, na hakuna wa kunizuia. Hilo ndilo linaloniuma."

Anafuta. Anafuta tena, midomo ikimcheza kama anayemjibu mtu. Kisha anachomoa waya. Safari hii kompyuta inatangaza kwamba imeshindwa kuandika, inaachia kufuli, na kuendelea na kazi.

Nélida hashangilii. Anapatazama palipokuwa na mistari ya Wilmar, anafuta macho kwa kiganja.

Jumapili anapanga kwenda kwa Olegario na kibuyu chake, amfundishe programu hiyo tangu mwanzo.

"Hajui kitu," anasema. "Lakini ana mdomo. Nitamfundisha mpaka aweze kuniambia nimekosea."