Njuga Kwenye Mtihani wa Umeme

Mimi ni Mtwa nisiyejua kucheza ngoma. Ni aibu, najua, maana hapa Burundi watu huamini Mtwa huzaliwa akicheza. Hata mama yangu ananisikitikia. Miguu yangu miwili haijawahi kukubaliana jambo lolote. Lakini shirika linalonilipia karo ya uhandisi wa umeme hapa Bujumbura haliamini. Kila wageni wakija, tunaitwa sisi wanafunzi Watwa, tunafungwa njuga miguuni, nami nawekwa nyuma kabisa, ambako hasara yangu ni ndogo.

Mwaka huu wageni walikuja siku ya mtihani wangu wa mota. Nilikuwa nimeshaufeli mara moja. Nikiufeli tena, kwaheri staji, yale mafunzo ya kazi kiwandani Zone Industrielle, kwaheri chuo. Mwenye akili angekataa kucheza. Mimi nikasema nitawahi.

Nikacheza kule Kibenga, kwenye ofisi za shirika, nikamkanyaga mgeni mmoja, nikakimbilia teksi. Mafundo ya njuga yalikuwa yamelowa jasho, yakagoma kufunguka. Nikaingia maabara chwe, chwe, chwe, mwanamke pekee darasani, kana kwamba kulikuwa na mtu ambaye bado hajaniona.

Nikaunganisha nyaya, mota ikazunguka. Nikamgeukia mwalimu wetu, Monsieur Népomuscène, nikingoja maswali niliyoyakeshea wiki nzima. Yeye alikuwa anatazama miguu yangu.

"We Dative, tuchezeye kidogo kwanza."

Wenzangu wakapiga makofi. Nikacheza, mnisamehe, vibaya kuliko Kibenga. Monsieur akacheka hadi akafuta machozi, kisha akaandika.

"Kumi na ine juu ya makumi mbili. Unaweza kwenda."

Arnaud, aliyenitangulia, alikuwa ameulizwa hadi shati likamganda mgongoni. Mimi, hata swali moja. Iliniuma.

"Apana, Monsieur. Hamujaniuliza kitu."

"Si nimekupa points?"

"Muniulize kama mulivyomuuliza Arnaud."

Akaniuliza. La kwanza nikajibu, la pili nikajibu. La tatu, la kugeuza mzunguko wa mota, nalijua kuliko jina langu; nikalikosea kwa hasira tu. Akafuta kumi na nne, akaandika kumi na moja.

Kupita ni kumi, kwa hiyo nimepita, nikichechemea. Nilipompigia mama simu, aliniuliza kama chuo kinafundisha ujinga siku hizi. Kwangu mimi kimefaulu sana. Lakini hiyo kumi na moja, mama, ni ya umeme.