Anyesi na Siku ya Kaizari

Mikono ya Anyesi wa Ihumwa ilijua kazi mbili, na ndiyo iliyomponza. Ya kwanza ngoma. Kwa Wagogo ngoma zile kubwa ni za wanawake: unaibana mapajani umesimama, shanga kifuani, njuga miguuni, kiongozi anaanza na wenzake wanaitikia. Anyesi akianza, hata waliotukanana asubuhi kisimani walijikuta wanacheza bega kwa bega. Ya pili ilikuwa kuzalisha. Mtoto akikaa vibaya tumboni, kichwa juu makalio chini, Anyesi alipaka samli viganjani akamgeuza polepole, huku anamtania mama mtu mpaka acheke, na kichwa kikashuka chenyewe. Kazi hiyo alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu, naye ni Lydia, binti yake wa pekee.

Sasa, Wadachi wa boma la Dodoma walikuwa na siku yao, tarehe ishirini na saba Januari, siku aliyozaliwa Kaizari wao huko Ulaya. Kila jumbe lazima apeleke ngoma. Januari, jamani! Mvua imenyesha, magugu yamefika magotini, palizi imewakaba watu koo, nawe uache jembe ukamchezee mtu usiyemjua hata sura. Lakini nani wa kusema?

Mara ya kwanza kuitwa ilikuwa mwaka 1913, na siku hiyo iliangukia siku tano baada ya mwezi mpevu. Watu wa Ihumwa walishika hivyo. Walihesabu kama walivyohesabu mambo yao yote, miezi kumi na miwili ya mbinguni, na mwaka uliofuata, ulipotimia mwezi mpevu wa kumi na mbili, wakaongeza siku tano. Anyesi alifurahi na hesabu hiyo. Lydia alikuwa na mimba ya kwanza, amerudi kwa mama yake kujifungua kama ilivyo desturi, na kwa hesabu ya mama yake angejifungua mwezi ukifa. Basi sikukuu ingepita kwanza, na zingebaki siku kumi nzima za kukaa nyumbani.

Wakajitwika ngoma alfajiri, wakaenda. Kufika bomani, uwanja mweupe! Askari mmoja anafagia, mwingine anafua. Karani Rehani, kijana wa Kiislamu wa pale mjini, akatoka na kalamu sikioni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani kawaambia Kaizari anafuata mwezi? Wazungu wana kalenda yao, haitazami juu. Bado siku kumi, mama zangu. Rudini!"

Wenzake walirudi wakitaniana njia nzima. Anyesi hakucheka hata kidogo. Siku kumi mbele ndiyo siku aliyokuwa amemwekea Lydia.

Na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alimgeuza mara moja, akakubali. Kesho yake amerudi alivyokuwa. Akamgeuza tena, akarudi tena. "Huyu mbishi kama baba yake," alimwambia Lydia, na Lydia akacheka. Lakini moyoni Anyesi aliogopa. Mtoto wa namna hiyo hageuzwi ukaondoka. Unamgeuza uchungu ukianza, unamshikilia hapo hapo mpaka ashuke. Na wa kumshikilia ni nani, kama mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyelala mkekani?

Akaenda kwa jumbe Sila.

"Mbukwa, jumbe."

"Mbukwa, mama. Najua kilichokuleta."

"Niache safari hii tu. Chukua wengine wote."

Sila aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. "Mwaka jana jumbe mwenzangu alipeleka ngoma pungufu. Akalazwa kifudifudi mbele ya wake zake, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mpaka leo anakaa upande. Na wewe wamekutaja kwa jina, Anyesi. Nikipeleka mwingine watasema namficha."

Siku ilipofika, askari Shaaban alikuja mwenyewe kuwachukua kabla jua halijachomoza. Lydia alikuwa ameanza kushika kiuno. Anyesi akampaka samli, akajaribu, mtoto akaenda nusu, na Shaaban anagonga nguzo ya mlango kwa kiboko.

"Nenda, mama," alisema Lydia. "Wa kwanza huchelewa. Utanikuta."

Aliwaachia majirani maelekezo mengi hata hawakuyashika yote. Akajitwika ngoma yake, akatoka.

Bomani siku hiyo palijaa. Bendera, gwaride, watu wanavuta kamba, vijana wanapanda mlingoti uliopakwa mafuta wanateleza, na umati unakufa kwa kicheko. Anyesi akapiga. Alipopata nafasi alimwendea Rehani, akamweleza, akamshika kanzu. Safari hii Rehani hakucheka. Alikwenda kusema na Mzungu msimamizi wa sherehe, akarudi anatazama chini.

"Anasema wanawake wanazaa kila siku, bibi. Kaizari ni mara moja kwa mwaka."

Akapiga tena. Mchana ulikuwa umeshaegemea upande alipomwona Yotham, mume wa Lydia, anapenya katikati ya watu. Kwa Wagogo mkwe hamsogelei mama mkwe wake. Akimwona njiani humpisha kwa mbali, na neno lake hupita kwa mtu mwingine. Tangu aoe, Yotham hakuwahi kumtazama Anyesi usoni. Siku hiyo alikuja moja kwa moja, amejaa vumbi na jasho, akamshika mkono. Anyesi akajua kabla hajafungua kinywa.

"Mama, mguu umetoka. Mguu mmoja tu. Wanasema uje."

Anyesi aliiachia ngoma ikaanguka. Hakupiga hatua kumi. Shaaban alisimama mbele yake, kiboko mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, rudi. Ukitoka watanifunga mimi, na wewe watakurudisha. Rudi, nakuomba." Yotham alimvamia, askari wawili wakamburuta wakamtoa nje. Anyesi akaokota ngoma. Angefanya nini? Niambieni, angefanya nini? Alipiga huku analia, na wale wageni vitini wakapiga makofi, wakadhani ndiyo mchezo wenyewe.

Waliruhusiwa saa kumi jioni. Alikimbia mpaka pumzi ikamwisha, akatembea, akakimbia tena. Alipoingia uani jua linazama, wanawake walikuwa wamekaa chini. Mtoto wa kiume alikuwa hai, amefungwa kwenye kipande cha kaniki. Lydia alikuwa amefunikwa. Alimsubiri mama yake, walisema, alimsubiri sana.

Sila, katika kutaka kujipendekeza kidogo, alipeleka habari bomani kwamba kijijini kwake amezaliwa mtoto siku moja na Kaizari. Wakubwa wakafurahi. Ikaletwa doti ya shuka nyekundu, na amri: kila mwaka, siku hiyo, mtoto aletwe aonyeshwe watu, na bibi yake apige ngoma.

Mwaka uliofuata Anyesi alikwenda mapema kwa Rehani kuomba ruksa. Alisema siku ile ni ya msiba wake, anataka kukaa kaburini. Rehani alifungua kitabu, akatafuta kwa kidole, akakifunga taratibu.

"Humu imeandikwa kuzaliwa tu, bibi. Msiba haumo."

Kwa hiyo alikwenda. Mwaka 1916 vita vilikuwa vimeshakaribia, chakula hakuna, wanaume wametekwa upagazi, na bado sikukuu ikafanywa. Mtoto alikuwa ametimiza miaka miwili, mbishi, mnene wa mashavu, macho ya mama yake kabisa. Walimsimamisha juu ya meza, amevaa shuka yake nyekundu. Mzinga ukalia, Wazungu wakanyanyua kofia wakapaza sauti, "Hurra!"

Mtoto hakuogopa mzinga. Alinyanyua mikono yake miwili juu, akacheka, akaitikia kwa nguvu zake zote, "Hurra!" Watu wakashangilia. Akageuka kumtafuta bibi yake katikati ya wapiga ngoma, akamnyooshea kidole.

"Bibi, piga!"

Anyesi akapiga.