Kucha ya Pembe

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua pale Kibabi, mwanangu, nimekaa mlangoni na gita magotini bila kulipiga. Lilikuwa limenyamaza tangu tulipomzika Papa Bauma, mwalimu wangu. Kanisani waliimba bila gita, Jumapili baada ya Jumapili, wakinitazama, nami nikitazama viatu vyangu.

Papa Bauma alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Kucha zake za kuzaliwa zilikwisha zamani kwa jembe na mawe ya machimbo ya Rubaya, kwa hiyo alijitengenezea nyingine za kuvaa, akiziita ongle. Ya kidole cha shahada aliikata kwenye kopo la nyanya. Ya gumba aliichonga kutoka pembe ya ng'ombe, na sauti yake ilikuwa nzito, ya upole, hata wazee wagumu waliacha soga wakasikiliza. Mimi nilimfuata kwa gita la pili. Kulikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, aliomtungia mkewe, Mama Furaha. Mzee alipokufa, aliyebaki akijua kuupiga nilikuwa mimi peke yangu.

Baada ya matanga Mama Furaha alinipa ile kucha ya pembe. Nikaijaribu, ikanibana mpaka gumba likafa ganzi. Gumba langu nene, usicheke. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia mfukoni mwa shati, na kutafuta nyingine nikaona ni kumsaliti mzee. Nilimkumbuka mno.

Basi mchana ule Mama Furaha akaja, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

"Wimbo yangu iko wapi?"

"Ongle inanikaza, mama."

"Lete nione."

Nikatoa kitambaa. Jikoni kwangu maharage yalikuwa yakichemka. Akaitumbukiza humo humo, kwenye maharage yangu!

"Mama! Itaharibika! Hii njo alama ya papa!"

"Papa alikuwa na gumba yake, tulimuzika nayo. Wewe uko na yako. Unataka kuzika na wimbo yangu?"

Pembe ilipolainika akaitoa kwa mwiko, akaishika kwa pindo la kitenge, akaikandamiza kwenye gumba langu. Iliniunguza kidogo. Hakuniachia mpaka ikapoa.

Nikapiga ule wimbo. Haikuwa sauti ya Papa Bauma, na sote wawili tulisikia hivyo. Nikataka kuliweka gita chini.

"Haiko yeye," akasema. Akavuta kigoda, akafuta macho. "Piga tena."

Nikapiga mpaka mvua ikakatika.

Mwanangu, ukichagua kucha ya gita, usiangalie ya fundi unayempenda, angalia kidole chako. Ikibana, kidole kitakufa ganzi katikati ya wimbo. Ikilegea, itaruka mbele za watu na utaisaka miguuni mwa wanakwaya. Ncha isiwe ndefu, itanasa kwenye nyuzi. Ya kopo isugue kingo zake kwenye jiwe, la sivyo itakukata wewe kwanza. Ya pembe ilainishe kwa maji ya moto, ila usiiache humo ukaenda kuzurura, na kama una maharage motoni, tafuta sufuria nyingine. Na ukirithi kitu cha mtu uliyempenda, kikunje kikufae, ukitumie. Kukitunza mfukoni hakumrudishi. Mimi nilijaribu.

Siku hizi Mama Furaha naye amelala kando ya mumewe. Watoto wangu wa kuzaa wako mbali, Walikale, hupiga simu mtandao ukipatikana. Gita la pili limetundikwa ukutani, hakuna wa kulishika, na upweke huu sikufichi, unauma. Gumba langu limekonda kwa uzee. Kucha inachomoka, inatumbukia tumboni mwa gita, nami nalitikisa kama kichaa mpaka itoke. Ningeweza kuikunja tena, maji ya moto hayakosekani. Siikunji. Nimeiacha kwa ajili ya gumba lako.

Njoo tuketi, nikufundishe wimbo wa Mama Furaha ningali naukumbuka. Siku utakapoupiga bila mimi, utasikia kwamba sauti si yangu. Usiliweke gita chini. Piga tena, mwanangu, na Mungu aibariki mikono yako, akupe na mtu wa kukufuata kwa gita la pili.