Jua Haliingii Kwenye Fremu

Fundi miwani alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima. Wateja aliwaambia wana macho ya kuku, na mwenzake wa duka la jirani alimwita mkata chupa. Kila lenzi aliyoisaga aliifuta kwa pindo la shati, akaitazama dirishani, kisha akaguna, maana hata kazi yake mwenyewe haikumridhisha.

Bintiye, mtaalamu wa nyota, alipopita dukani kumsalimia, alimweleza kwamba Jua nalo ni lenzi. Uzito wake hupinda mwanga unaopita kando yake, na darubini ikikaa mahali panapofaa itaweza kuona sura ya dunia nyingine.

Mzee akampandisha na kumshusha kwa macho.

"Lenzi gani hiyo haipitishwi kitambaa? Halafu inawaka. Umesoma miaka yote hiyo, mwanangu, uje kuniuzia moto?"

"Baba, katikati yake unapaziba. Unautazama mwanga wa pembeni."

"Haya, nionyeshe kutoka hapa mlangoni."

"Hapa haiwezekani. Ukiwa karibu litakuunguza tu, na hutaona kitu. Lazima uende mbali, kupita sayari zote, ndipo picha inatokea."

"Upuuzi mtupu," fundi akasema, akirudia kusaga. "Kitu cha maana hutazamwa kwa karibu."

Binti akachukua mkoba wake, akamuaga kwa heshima. Tangu amalize masomo alikuwa akiishi nchi ya mbali, na huko ndiko alikojifunza kumpenda baba yake.