Taa za Gari la Papa

Mama alikuwa amekwama Munigi, kijiji kilicho juu ya mji wetu, mabomu yalikuwa yameanza tena nyuma ya vilima, na taa za gari zilikataa kuwaka. Ilikuwa saa nane mchana. Kutoka kwetu Majengo hadi Munigi si mbali, lakini siku ile barabara ilijaa wakimbizi wanaoshuka na magodoro na mbuzi, na nilijua giza lingenikuta njiani nikirudi naye. Kwenye kizuizi cha askari desturi ilikuwa moja: ukifika gizani, punguza taa za mbele, washa ya ndani, waone nyuso zenu. Gari lisilo na taa lilipigwa risasi. Jirani yetu mmoja alikufa hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya marehemu papa, baba yangu. Aliliendesha mchana tu. Jua likianza kushuka alikuwa ameshaegesha, nasi tulimcheka kwamba muzee analala na kuku. Nilipolirithi nilifuata mtindo wake bila kuuliza.

Fundi wa mtaa wetu, mtu mpole kupita kiasi, alichomoa balbu akaziunganisha na betri moja kwa moja. Zikawaka. Fyuzi zilikuwa nzima. Akasugua kutu pale waya wa taa unapofungwa kwenye bodi, akajaribu swichi. Wapi! Kila hatua aliifanya polepole, na mimi nikihesabu mabomu. Nikamfokea. Nikasema yeye ndiye aliyeligusa gari hili mara ya mwisho, na nikaongeza maneno ya ovyo kuhusu mafundi wanaouza waya za watu. Alijilaza chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje.

"Yaya, kuya uone," aliniita baada ya muda, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake. "Hii haikuunguaka. Mutu njo alikataka."

Nyuma ya swichi waya ulikuwa umekatwa vizuri kabisa. Kila ncha ilivishwa kipande cha mpira wa baiskeli na kukazwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Uzi ule niliujua. Papa alifunga hivyo kila kitu nyumbani: mpini wa jembe, miwani yake, antena ya redio. Hasira hasara; nilimwomba fundi msamaha, naye akacheka kidogo na kuunganisha ncha. Taa zikawaka juu ya ukuta wa mawe meusi wa jirani.

Nilimkuta mama kando ya barabara, amekalia kifurushi chake. Tulifika kizuizini giza limeshaingia. Nilipunguza taa, nikawasha ya ndani. Askari alitazama uso wa mama, akatazama wangu, kisha akazunguka mbele akasimama kwenye mwanga.

"Gari yenu iko na mataa ya muzuri," alisema. "Munaikalaka wapi?"

Mama alijibu kabla yangu. Alitaja mtaa usio wetu, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake mwenyewe. Askari akatuachia.

Uani kwetu, mama alikataa kushuka.

"Nani alikuambiaka utengeneze mataa?"

"Mama, wangetupiga risasi!"

"Najua. Aksanti, mutoto wangu. Sasa leta koleo."

Ndipo aliponieleza. Katika vita ya kwanza askari walizoa magari ya mtaa mzima. La papa walilijaribu, wakalikuta kipofu, wakalitukana na kuliacha, kwa sababu walisafiri usiku. Yeye mama ndiye aliyeshika kibatari papa alipokuwa akikata.

"Yule alisimama mbele ya mataa, ulimuona," alisema. "Batakuya kulitafuta."

"Na tukilazimika kukimbia usiku?"

"Utaunga tena."

Nikajilaza palepale alipolala fundi. Mama alishika tochi. Nilikata, nikarudisha mpira uleule, nikakaza uzi uleule wa papa. Kisha nikapima waya kwa kidole, maana kila ukikatwa na kuungwa hupungua. Zilizobaki zilikuwa ncha fupi mno. Zingefika kuungwa mara moja tu.