Kiganja cha Koko Kwenye Kioo

Leo asubuhi nimefuta kioo cha skana mara tatu kabla ya kulaza juu yake jani la muhogo. Ndiyo kazi yangu ya sanaa: naweka kitu juu ya kioo, nafunga dirisha, naacha kifuniko wazi, na mwanga unapita chini polepole ukikichora, huku nyuma yake kukibaki kweusi. Hakuna aliyenifundisha, kila jaribio naliandika daftarini. Lakini kitambaa nilichofutia kilitoka jikoni, kikaacha alama ya mawese kwenye kona. Nikakaa chini, nikacheka peke yangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa miaka kumi, nikiishi Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, na koko, mama yake mama yangu. Mama alikuwa ametangulia Burundi kututafutia mahali. Sauti ninayoikumbuka kuliko zote si ya bunduki, ni ya kinu. Koko alitwanga sombe, majani ya muhogo, kabla umande haujakauka, akachambua maharage yaliyotoka shambani kwake Runingu, akaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mkeka na kunituma nifukuze kuku. Vita vilikuja na kuondoka. Sombe ilipikwa kila siku.

Mama alipotuma neno kwamba tuvuke mpaka na mke wa jirani yetu, koko alikataa kuja. "Shamba likiachwa linamsahau mwenyewe," alisema. Basi nikataka kitu kimoja tu: niondoke na picha yake. Mpiga picha wa mtaani alikuwa amekimbia na kamera yake.

Jirani huyo, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa wauza vitambaa, alikuwa ameleta skana yenye printa kutoka Bujumbura ili awatolee nakala watu waliotaka kuvuka. Tulikwenda kwake na cheti changu cha ubatizo: nakala isafiri, cheti chenyewe kibaki kwa koko. Nikamwuliza kama mashine ingeweza kumchukua koko pia.

"Uso hapana, mwanga utaumiza macho," akasema. "Lakini mukono, mbona hapana? Koko, lete mukono."

"Minye siko samaki ya kuanika!" koko akajibu, akatoka.

Kumbe alikwenda kuoga. Alirudi amevaa kitenge chake cha Misa, na mikono ameipaka mawese mpaka viwikoni, kwa maana koko hangekubali kupigwa picha ngozi imepauka. Hakuna kati yetu aliyekifikiria kioo.

Mara ya kwanza, mwanga ulipofika vidoleni alishtuka, na kidole kimoja kikatoka kirefu kama nyoka. Mke wa jirani alicheka mpaka akashika mlango. Mara ya pili, vidole vikawa saba.

"Koko, tuliza mukono," jirani akasema.

"Mikono ikitulia, nani atatwanga sombe?"

Ndipo jirani akaweka punje ya maharage juu ya kioo, akamwambia aifunike kwa kiganja, asiiache ikimbie. Hiyo ilikuwa kazi, na koko aliijua kazi. Akatulia. Picha ikatoka: kiganja kipana, mistari yote, kovu la kisu, punje ya maharage katikati, na nyuma yake weusi kama masizi ya chungu.

Jirani akafuta kioo, akaweka cheti changu. Nakala ikatoka na kivuli cha kiganja pembeni. Akafuta tena, kivuli kikabaki palepale. Kisha umeme ukakatika, na kesho yake asubuhi tulikuwa tunaondoka.

"Mpakani wataturudisha," mke wa jirani akasema. Hakuwa akicheka tena. "Watasema karatasi iko ya uongo."

Mpakani, ofisa aliigeuza karatasi mara mbili. "Iko nini hii, hapa pembeni?"

"Iko mukono ya koko wangu," nikasema. "Alipaka mafuta."

Akaniangalia. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kile kivuli, kama anayepima kiatu. "Koko wako iko na mukono mukubwa kuliko yangu," akasema, akapiga muhuri. "Pita, mutoto."

Picha yenyewe ililowa msimu wa kwanza wa mvua ng'ambo, wino ukatoka wote. Tuliporudi baada ya vita, tulimkuta koko uani, na cheti changu kikiwa salama ndani ya mtungi wa maharage.

"Mukono yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Ililowa, koko."

"Basi shika hii," akasema, akanipa mchi.

Sasa koko amelala kaburini Runingu. Jirani alihama, na kibanda chake hakipo. Sombe tunainunua sokoni imeshasagwa kwa mashine, na asubuhi za mtaa wetu zimenyamaza. Ile nakala ya cheti ninayo bado, na kivuli cha kiganja cha koko pembeni.

Leo sikufuta mara ya nne. Nimeandika daftarini: jani la muhogo, kifuniko wazi, mawese kwenye kona, yaachwe.